Amana ya Mkuyu wa Kwamsisi

Kompyuta ilikuwa ya moto, na Muhsin hakuwa ameiwasha tangu wiki iliyopita.

Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kibandani kwake Manundu, alikotengeneza simu za watu. Aliishi peke yake Korogwe ya zamani, karibu na mto. Katika chumba cha nyuma alikuwa na kompyuta isiyowahi kuunganishwa na intaneti, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na ufunguo wa sarafu zake za mtandaoni, jasho lake la miaka, na wezi wa mitandaoni aliwaogopa kuliko chui. Kompyuta ikifa, kulikuwa na maneno ya siri ya kuurudisha ufunguo ule, aliyoyagonga kwa msumari kwenye kipande cha bati. Hata mkewe, Ikram, hakumwonyesha.

"Unalala na mimi, lakini huniamini," Ikram alimwambia siku alipofunga mizigo.

Basi bati lile Muhsin alilipeleka Kwamsisi, kwenye shamba la marehemu mama yake, akalifukia chini ya mkuyu na kunong'ona, "Nitunzie."

Sasa aliigusa tena kompyuta. Harufu ya udi ikamjaa puani, humo ndani ambamo hamkufukizwa kitu tangu Ikram aondoke, kisha nyuma ya mlango ikaanza sauti ya mwanamke, ya chini, ya taratibu, kama ya mtu anayebembeleza mtoto, ikiyataja maneno yake ya siri moja baada ya jingine, kwa mpangilio wake, bila kukosea, hadi neno la mwisho likatua karibu kabisa na sikio lake.

"Nani?" alinong'ona.

"Uliyempa amana."

Kulipokucha alikwenda Kwamsisi kwa mganga, Bi Mwanaidi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Huyo hakuvunja mlango," akasema. "Mkuyu ule una mwenyewe, jini, nawe ulimkabidhi mali kwa kinywa chako. Dawa zangu hazimtoi. Kafukue bati, umpe binadamu unayemwamini. Amana ikihama, naye atahama."

"Nimpe nani, bibi?"

"Mtu wako. Huna mtu?"

Muhsin alifukua bati, akakaa juu ya tuta, akampigia Ikram.

"Nataka nikwambie yale maneno."

Ikram akauliza, "Leo unaniamini, au leo unaogopa?"

Muhsin alilifuta bati udongo. Ikram akakata simu. Akafikiria nduguze, wateja wake, majirani, na kila aliyemfikiria alimwona mwizi.

Alirudi Korogwe jua likizama, bati likiwa mfukoni. Mlango aliouacha na kufuli ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imefagiliwa.

"Umekula?" sauti ikauliza kutoka chumba cha nyuma.

Muda mrefu hakuna aliyemuuliza hivyo. Muhsin alisimama kizingitini, kisha akavua viatu.

"Bado," akajibu, akaingia na kuurudishia mlango.