Perez Hahami Kibuye

Mchana ule Gordon aliandaa ugali, ngege wa kukaanga na bakuli la osuga, ile mboga chungu inayopikwa kwa maziwa. Mkewe Perez alimega matonge matatu ya ugali. Akateremsha kwa nusu kikombe cha chai ya rangi. Samaki hakumgusa. Mboga hakuitazama.

"Mama Cliff, mbona haukuli?" Gordon aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba na nini? Hiyo ni chakula ya kuku."

Perez alisukuma sahani kando. Alikuwa na sababu, ila hakutaka kuisema.

Miezi saba iliyopita, mvua ikinyesha, pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye barabara ya Kakamega. Uti wa mgongo wake uliumia. Kuanzia kitovuni kwenda chini hakuhisi kitu tena. Miguu iligoma, akapewa kiti cha magurudumu. Hilo watu wote waliliona, wakamwombea.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuombewa na mtu. Haja kubwa iliacha kupiga hodi. Ilikuja saa yoyote, mahali popote. Mara mbili ilimjia kanisani, katikati ya wimbo. Watu wa Kisumu wanajua kuzungumza. Watakuchambulia mpira, siasa na bei ya samaki hadi usinzie. Lakini mtu akijiendea haja, wote wanakuwa mabubu.

Basi Perez akajitungia sheria yake mwenyewe: kisichoingia hakitoki. Akala kidogo. Akaacha mboga, kwa sababu mboga huharakisha tumbo. Maji akayanywa kwa kulamba. Hakujua kwamba anajifunga kamba shingoni.

Kule sokoni Kibuye, kibanda chake cha nguo za watoto kilikuwa kimefungwa kufuli. Miaka kumi na moja alikuwa ameuza pale. Kila akikikumbuka kile kibanda, moyo ulimuuma kuliko mgongo.

Jumamosi moja akaja Obonyo, kaka mkubwa wa Gordon, kutoka Pap Onditi. Alivua kofia, akaketi, akakohoa kama watu wanavyokohoa kabla ya kusema jambo zito.

"Nyar Seme," alimwita Perez, maana alizaliwa Seme. "Tumekaa kama familia. Tumeona urudi nyumbani. Huko kuna watu wa kukuangalia. Hiyo kibanda ya Kibuye tutampatia msichana wangu Akinyi."

"Mlikaa lini?" Perez aliuliza. "Mimi si familia?"

"Usikasirike. Ni kwa uzuri wako."

Perez alifungua kinywa ajibu. Tumbo lake lilikuwa gumu. Siku tano hakuwa amepata choo. Ghafla harufu ikajaa chumbani. Obonyo alitazama mabati. Akatazama mlango. Kisha akaichukua kofia yake na kwenda kusimama nje.

"Sasa unaona mwenyewe," alisema kutoka huko, kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya. Aliona aibu, na aliiona kwa niaba yao wote.

Perez pia aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Halafu aibu ikageuka hasira.

"Shemeji!" aliita. "Usiende. Sikia. Nipe miezi mitatu."

"Ya kufanya nini?"

"Hiyo niachie. Miezi tatu ikiisha, kuja Kibuye siku ya Jumapili. Ukinikosa kwa kibanda, nitakupatia ufunguo kwa mkono yangu. Lakini ukinipata, hii maneno ya kunirudisha nyumbani usiniletee tena."

Obonyo alimtazama Gordon. Gordon alisema, "Umemsikia."

Usiku ule Perez alimkumbuka Nabalayo. Nabalayo alikuwa fundi wa kushona nguo pale pale Kibuye. Naye alitumia kiti cha magurudumu. Kwa miaka mingi Perez alimwona akishona tangu asubuhi hadi jioni, akicheka na wateja. Hakuwahi kujiuliza yule mama anaendaje choo. Kulipokucha alimpigia simu.

"Nabalayo, nisamehe," alisema. "Nina swali ya aibu. Wewe unaendaje haja kubwa?"

Nabalayo akacheka hadi simu ikakwaruza.

"Mama Cliff! Miaka tisa nimengoja mtu aniulize hiyo swali. Ninakuja."

Alifika siku hiyo hiyo. Alimsikiliza Perez mpaka mwisho. Aliposikia habari ya ugali na chai ya rangi, alitikisa kichwa.

"Hata mimi nilijinyima hivyo. Karibu nikufe. Mama, kabla nikufundishe kitu, twende kwa muuguzi akuangalie. Mwili wako si mwili wangu."

Muuguzi aliitwa Sista Metrine. Alimpapasa Perez tumboni, akavaa glavu, akampima. Kisha akavuta kiti na kuketi, macho yake na ya Perez yakawa sawa.

"Umefunga choo vibaya," alisema. "Kinyesi kimekauka, kimeziba. Ile ya majimaji inapita kando yake, kama mtaro wa Nyalenda ukiziba na mvua ikinyesha. Wewe unafikiri unahara, kumbe umeziba."

"Na mimi nimekuwa nikipunguza kula!"

"Ndiyo umeharibu zaidi. Tumbo halisukumi kama hakuna kitu ya kusukuma. Kula mboga, matunda, maharagwe. Kunywa maji, glasi sita au nane kwa siku. Na usinunue dawa ya kuharisha kwa duka bila kuniuliza."

Siku ile Sista Metrine alimsaidia kuondoa uchafu uliokwama. Kisha akamweleza jinsi ya kuufundisha mwili saa yake.

"Chagua saa moja na usiibadilishe. Asubuhi ni nzuri. Kunywa uji moto, ungoje nusu saa. Chakula ikiingia, matumbo inaamka. Kaa kwenye kiti ya choo. Vaa glavu, paka jeli, ingiza hii dawa ndogo kwa njia ya haja kubwa. Iguse ukuta wa ndani, isikae katikati ya kinyesi. Ngoja dakika kumi na tano."

"Halafu?"

"Halafu ingiza kidole, na glavu na jeli, polepole. Zungusha pole pole, sekunde kumi na tano hivi. Usilazimishe. Toa kidole, acha mwili ufanye kazi. Ngoja dakika tano, rudia. Ukiona mara mbili hakuna kitu inatoka, umemaliza. Kucha ziwe fupi. Ukiona damu nyingi, acha, kuja hapa."

Gordon, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Hiyo nitamfanyia mimi."

"Hapana," Perez alisema. "Mkono yangu haikuvunjika."

Sista Metrine alicheka. "Vizuri. Lakini msiende kufundisha kila mtu hivi. Wewe umeumia chini ya kifua, na mwili wako bado unaitikia kidole. Kuna wengine njia yao imelegea, wao wanafanya tofauti. Na mtu ameumia juu, kifuani ama shingoni, akishikwa na maumivu ya kichwa ghafla na jasho wakati wa hii kazi, aache saa hiyo hiyo, akae wima, apelekwe hospitali haraka. Hiyo inaua."

Gordon alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa siku mbili alitengeneza kiti cha choo. Kilikuwa na miguu ya chuma, mbao na tundu katikati. Alikileta akijivunia. Nabalayo alikipapasa kwa kiganja.

"Baba Cliff, hii ni ya kukalia ama ya kuchuna ngozi? Mama hasikii huko chini. Mbao ikimkata, atajua wakati kidonda imeoza. Weka sponji nono, ufunike na tyubu ya gari. Na asikae hapo zaidi ya nusu saa."

Gordon alikirudisha karakana bila kubisha. Kilirudi laini kama kitanda cha mtoto.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Saa kumi na mbili asubuhi Perez alikunywa uji. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa kitini. Alijisugua tumbo kwa kiganja, akianza chini upande wa kulia, akapanda juu, akavuka, akashuka upande wa kushoto. Siku ya kwanza hakikutoka kitu. Siku ya pili kilitoka kidogo. Siku ya tatu alijichafua saa sita mchana, akapiga ngumi mto wa kitanda na kulia.

"Mkaidi ni nani hapa, mimi ama hii tumbo?" alimwuliza Nabalayo kwa simu.

"Tumbo ni mkaidi. Lakini wewe ni mkaidi zaidi. Mimi ilinichukua wiki sita. Usibadilishe saa."

Hakuibadilisha. Jirani mmoja alisema Gordon amelishwa dawa, ndiyo maana anafua mashuka ya mke. Gordon alianika mashuka barazani pale pale mbele ya mlango wa jirani, moja moja, akipiga mluzi. Perez alikula osuga. Alikula ngege, papai na maharagwe. Alikunywa maji bila kuogopa. Wiki ya tano ilipita yote bila ajali. Wiki ya sita alifungua kufuli Kibuye.

Wanawake wa soko walimpigia vigelegele. Achola, jirani wa kibanda, alimkumbatia, lakini alibana pumzi kwanza. Perez aliona.

"Nusa tu, Achola," alisema. "Ninanuka sabuni."

Achola aliinama kwa aibu. Kisha wote wawili wakacheka.

Miezi mitatu ikatimia. Ile Jumamosi ya mwisho kulikuwa na mazishi Katito. Gari la kwenda lilitaka kuondoka alfajiri. Perez akasema moyoni, siku moja haidhuru, nitaenda choo kesho. Akaruka saa yake. Ni kosa dogo, lakini mwili uliofundishwa saa haupendi kudanganywa.

Jumapili asubuhi alikaa kitini kama kawaida, ila kwa haraka, maana Kibuye siku hiyo hufurika watu. Hakumaliza vizuri, akatoka.

Saa sita Obonyo alitokea, kofia mkononi. Alimkuta Perez katikati ya sweta na soksi, akipatana bei na wanawake watatu kwa wakati mmoja.

"Nyar Seme," alisema, akitabasamu kidogo. "Nimekuja."

"Karibu, shemeji. Unaona niko."

Hapo hapo akasikia harufu. Obonyo pia aliisikia. Tabasamu lake likafa. Mteja mmoja alirudi nyuma hatua moja. Perez alitamani ardhi ipasuke.

Haikupasuka. Basi akavuta begi lake dogo kutoka chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na glavu, sabuni, chupa ya maji, kitambaa, nepi ya mtu mzima na sketi safi. Alikuwa akilibeba kila siku kwa ajili ya siku kama hii.

"Achola," alisema, na hakunong'ona. "Nimejichafua. Niangalizie kibanda, naenda kujiosha."

Akazungusha magurudumu hadi kwa Nabalayo. Nyuma ya pazia la fundi kulikuwa na benchi pana lililofunikwa plastiki. Akajivuta juu yake, akajisafisha, akakagua ngozi kwa kioo kidogo, akavaa. Ilichukua nusu saa.

Aliporudi, Obonyo alikuwa bado pale. Achola alikuwa amemshikisha sweta tano mikononi.

"Nilidhani utaenda nyumbani," Obonyo alisema taratibu.

"Kwa nini?"

"Kwa hiyo... kwa hiyo kitu imetokea."

"Shemeji," Perez alisema, "nimejichafua, nimejiosha, nimerudi. Kuna ingine?"

Obonyo akaziweka zile sweta tano mezani, moja moja.

Mama mmoja akainama juu ya meza. "Mama, hii ya bluu iko ya mtoto wa miaka saba?"

"Iko," Perez alijibu. "Shemeji, songa kidogo. Umezibia mteja."

Obonyo akasonga.