Kichwa Kisichojua Kuumia

Mikono minne ya chuma, kila mmoja mwembamba kama njiti ya kiberiti, ilisuka nywele elfu tatu kwa dakika nane. Nywele hizo zilikuwa za kichwa cha bandia kilichofungwa juu ya meza ya kioo, katika Taasisi ya Tiba ya Mawe Mapacha, jijini Mwanza. Wageni waliokuwa wakitazama kwenye skrini walipiga makofi. Nyuma yao alisimama Minza, msusi wa Igoma, akiwa amejifunga kitenge chake cha kutokea, amejaa fahari. Kidole kidogo cha chuma kilikuwa kinainuka kila msuko unapokunja kona, vilevile kama chake.

Mashine ile iliitwa mikono-mwigo, na haikuwa na ufundi wake yenyewe hata chembe. Ilifundishwa. Mtu alivaa glavu-kumbukumbu, nyembamba kama ganda la kitunguu, akafanya kazi yake. Glavu zikahifadhi kila mkunjo wa kidole, kisha mikono-mwigo ikarudia mikunjo hiyo hiyo ikiwa imepunguzwa mara mia. Lengo halikuwa nywele. Lengo lilikuwa mishipa ya fahamu iliyokatika, ambayo ndani yake mna nyuzi maelfu ambazo hakuna mkono wa daktari uwezao kuzishika mmoja mmoja. Mhandisi Kaijage alitafuta mikono ya kuigwa kwa miaka miwili. Alijaribu madaktari, mafundi saa na wafuma mikeka. Halafu siku moja mkewe akarudi nyumbani na njia mia na kumi za misuko kichwani, zote kazi ya Minza, na Kaijage akasahau chakula mezani.

Minza hakuhitaji kubembelezwa. Kwa miaka ishirini na miwili saluni yake ilipakana ukuta kwa ukuta na kibanda cha Lugwisha kinyozi, mtani wake, mtu wa kumgongea ukuta na kuuliza kama bado kuna vichwa vya kusuka au vyote vimekimbilia kwake kunyolewa. Lugwisha huyo, kioo cha dirisha la ghorofani kilimwangukia mkononi, mkono wa kulia, mkono wa mkasi. Madaktari walisema wazi: ndani ya siku kumi na mbili nyuzi ziunganishwe, la sivyo zitanywea na mkono utabaki pambo. Siku sita zilikuwa zimekwisha kupita.

"Vidole hivi Mungu alinipa bure," Minza alikuwa amemwambia mhandisi siku alipovaa glavu kukisuka kichwa kile cha bandia. "Wee vichukue."

Wageni walipoondoka, Kaijage alileta mguu wa mbuzi ndani ya beseni la maji-hai, yale maji yanayoiweka nyama hai kwa saa nne baada ya kukatwa. (Wafanyakazi walikwisha jaribu kuupika mmoja supu. Ulikuwa na ladha ya sabuni.) Mikono-mwigo ilishuka, ikashika ncha mbili za mshipa, ikaanza kuunganisha kwa kasi ileile iliyopigiwa makofi. Katika uzi wa arobaini mshipa ukachanika. Wakaleta mguu wa pili, nao ukachanika. Wa tatu ulichanika vibaya zaidi.

Minza aliona haya kana kwamba amefumaniwa akimpiga mtoto wa mwenzake. Mikono iliyokuwa ikivuta kikatili namna ile ilikuwa ni yake.

"Mimi sisuki hivyo," alisema.

"Mama, ndivyo unavyosuka." Kaijage alimwonyesha mistari miwili kwenye skrini, wa glavu na wa mashine. Ilikuwa imelaliana barabara. "Haikuongeza wala haikupunguza."

"Basi glavu zako zinasema uongo."

"Glavu hazijui uongo, mama."

Minza aliitazama mistari ile. Kisha akakitazama kichwa cha bandia, kilichokuwa kikitabasamu na misuko yake elfu, hakina hata kope iliyolowa. Alivuta kigoda, akaketi, akatandika kitenge sakafuni mbele ya magoti yake.

"Kaa chini, mwanangu."

"Mimi?"

"Una nywele za kutosha. Kaa. Na hizo glavu nipe."

Mhandisi mwenye shahada tatu aliketi chini kama binti wa darasa la pili, kichwa kikabanwa katikati ya magoti. Minza alianza twende kilioni, ile misuko ya kawaida ya kurudi nyuma. Msuko wa tatu, karibu na sikio, Kaijage akaguna. Wa nne akakunja vidole vya miguu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Miaka miwili alikuwa anasimamia kazi hii bila kujua kuwa inauma.

Walipomaliza nusu ya kichwa, Kaijage aliinuka machozi yakimlengalenga akaenda kwenye skrini. Aliirudia mistari ile mara tatu, hadi Minza akadhani ameharibu kitu.

"Mama, ulilegeza mara tisini na moja."

"Si ulikuwa unaumia?"

"Ndiyo, lakini angalia hapa. Ngozi yangu inatetemeka, kidogo sana, hata mimi sijahisi. Hapohapo vidole vyako vinalegea. Halafu ndipo mimi naguna." Alimgeukia. "Umejuaje?"

Maisha yake yote Minza alisifiwa wepesi, naye akaamini kuwa kipaji chake ndicho hicho. Hili la kulegeza hakuwahi kulihesabu. Alimkumbuka mdogo wake Nyanzala, mtoto wa kichwa laini, na mama yao aliyekuwa akimchapa Minza chanuo la mti kila Nyanzala alipolia akisukwa naye. Akiwa na miaka tisa alikwisha jua kusikia kilio kabla hakijafika mdomoni.

"Nilidhani kila msusi anafanya hivyo," alisema polepole. "Hicho kichwa chenu cha plastiki hakikuwa na la kuniambia. Ndiyo maana nilikivuta tu."

Kosa lilikuwa dogo na la kijinga, nalo ni la watu waliosoma sana: walitafuta kichwa kinachotulia. Mikono-mwigo ilikuwa na vihisi vya kutosha vya kusoma mtetemo wa mshipa unapovutwa, maana mshipa wa fahamu ukivutwa hutoa umeme kidogo hata mwenyewe akilala kwa dawa. Haikufundishwa tu cha kufanya ikiusikia.

Siku nne zilizofuata Minza alisuka watu thelathini na wanane. Tangazo lilitaka waoga wa kusukwa pekee, wale wenye vichwa vya kilio, na wauguzi walijipanga ukumbini wakilaumiana kwa kujitolea. Kila aliyeshtuka, glavu ziliandika. Jioni ya siku ya nne mguu wa mbuzi wa mwisho uliunganishwa, nyuzi zote, bila kuchanika.

Siku ya kumi na moja tangu aumie, Lugwisha aliingizwa chumba cha upasuaji. Minza alitazama kupitia kioo. Mikono-mwigo ilifanya kazi dakika ishirini, kisha yote minne ikasimama, ikalegea. Daktari mkuu akanyoosha mkono kuelekea swichi.

"Imekwama!"

"Haijakwama, daktari," Minza alisema kwenye kipaza sauti. "Imemsikia. Mwache apumue."

Mikono ikarudi kazini. Ilisimama hivyo mara mia nne, na kazi ya saa moja ikachukua saa sita. Hakuna aliyeigusa tena swichi.

Walimpaka utomvu wa kuharakisha nyuzi kuota, wakamfunga, wakangoja siku tano. Siku ya tano daktari alifungua bendeji mbele ya Kaijage na Minza, akatoa sindano, akamchoma Lugwisha kidole gumba. Kimya. Akamchoma cha shahada. Kimya. Lugwisha alianza kutazama ukutani, akiuma mdomo. Daktari akachoma cha kati.

"Ayaaa! Daktari, unaniua!"

Minza alikuwa ametumia miaka arobaini na mitano kuhakikisha ukelele ule hautoki kinywani mwa mtu. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni.

"Mchome tena," alisema.