Kahawa ya Baba Yake Xaveria

Rafiki yangu Xaveria wa Nyaishozi si mtu wa kuona mauzauza. Mchungaji akihubiri malaika, yeye huuliza wanakula nini. Mwaka 1938 mama yake, akiwa mgonjwa wa kufa, alikubali hatimaye mumewe apandiwe mlamula, mti wa kumkumbuka marehemu, katika bustani ya Kiruruma. Pale kila mwanamume aliyenyongwa kwa kukataa kazi ya shuruti ana mti wake. Baba yake Xaveria alichukuliwa pamoja nao, ila maiti yake haikuonekana, na mama aligoma miaka yote kumlilia.

"Kila mti uuwekee kahawa ya kutafuna," aliagiza. "Baba yako akila, nitajua amekufa, nami nitamfuata kwa amani."

"Kwani wafu wana meno, mama?"

"Nenda, mjuaji wee!"

Xaveria alichomeka ardhini fimbo ya mlamula iwe mti wa baba yake, akaweka punje za kahawa chini ya kila mti, juu ya kipande cha jani la mgomba. Alipogeuka kuondoka, ukungu ulishuka, alasiri ikawa giza. Nyuma yake kitu kikavunja punje taratibu: ka, ka. Kisha kwenye mti uliofuata, kisha mwingine, sauti ikimkaribia. Hakukimbia. Anasema hata hofu hakuisikia, ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Kwenye fimbo ya baba yake, kimya.

Ukungu ulipoinuka, kila jani lilikuwa na maganda yaliyolowa mate. La baba yake tu lilikuwa na kahawa yote, kavu.