Kipimo cha Iskra

Harufu ndiyo iliyotangulia. Chokaa mbichi, kama ukuta uliopakwa dakika hiyohiyo, na ofisi ile ya wajenzi mjini Gabrovo ilikwisha kujengwa tangu majira ya baridi. Zdravka aliinusa, akapiga chafya, akabofya.

Alikuwa na slaidi thelathini za kuwaonyesha wateja, zote za umbo la zamani, na skrini mpya ilikuwa pana. Jamani, nani akae kuzivuta moja moja? Marehemu Stoimen, aliyekalia meza ile kabla yake, aliacha makro: unaibofya mara moja tu, nayo inapita slaidi zote ikibadili vipimo yenyewe. Na kweli ilizimaliza kufumba na kufumbua. Kisha kikatokea kisanduku: "Slaidi 31 zimepimwa."

"Thelathini na moja? Siku hizi hata kompyuta zinalewa," akasema, akacheka peke yake.

Kosa lilikuwa lake. Hakuwa amefunga faili jingine, lenye slaidi moja ya picha ya bintiye Iskra, aliyokuwa akiiandaa kwa sherehe ya kumaliza shule. Makro ilikuwa imeingia humo pia. Chini ya picha, iliyomwonyesha Iskra wima kuanzia utosini hadi viatuni, palikuwa na maandishi ambayo Zdravka hakuyaandika: urefu 171. Ndio urefu hasa aliopimwa na fundi wa gauni Jumamosi. Akayafuta.

Wiki moja baadaye Iskra alijaribu gauni lake jekundu, pindo likaburuta sakafuni.

"Fundi wako kapima akiwa usingizini, mama!"

Zdravka akamsimamisha mlangoni, akampima. 166. Akapima tena. Iskra alikuwa akicheka. Mama alirudi ofisini mbio, akafungua faili. Maandishi yalikuwa yamerudi: urefu 166.

Akamwendea mzee Gencho, mwashi aliyelisimamia jengo lile.

"Mzee, Stoimen alikufa kwa maradhi gani?"

Gencho alifunga mlango kwanza. "Mama Iskra, usiniulize humu ndani."

"Mwanangu anapungua! Niambie!"

Mzee akanong'ona. "Ukuta huu ulikataa kusimama. Tukiujenga leo, kesho uko chini. Nikafanya walivyofanya babu zetu. Stoimen alikuwa amesimama juani anaongea na simu. Nikapima kivuli chake kwa uzi, uzi nikauzika ukutani. Ukuta ukasimama. Yeye akaanza kupungua. Ndipo akaandika hilo lidude lake la kompyuta, ajirudishie kimo. Siku ya arobaini tangu nimpime tukamzika."

"Ulimuua, wewe mzee!"

"Nilimuua." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Sasa yeye ndiye talasam, pepo wa jengo hili. Hana kazi nyingine ila kupima."

Bibi Tsona, mganga anayeyeyusha risasi na kuimwaga majini ili kufukuza mapepo, aliletwa ofisini mchana kweupe. Alimwaga mara tatu. Mara zote tatu risasi iliganda ikawa uzi mnyoofu. Akakusanya vyombo vyake.

"Mwanangu, nenda nyumbani," alisema taratibu. "Mpikie binti yako anachokipenda."

Mama gani angetulia apike? Iskra alikuwa amefika 149, anapanda kiti kufikia sahani, hataki tena kwenda shule. Na Zdravka, huku harufu ya chokaa ikimjaa puani na mwiko wa mwashi ukikwaruza ndani ya ukuta nyuma ya kisogo chake, kwaru, kwaru, bila kupumzika, alifuta ile 149, akaandika 171, akaomba Mungu, akabofya.

Simu ikalia. "Mama! Gauni limenikaa!"

Alilia kwa furaha njia nzima. Iskra alimngoja ngazini, kimo chake kilekile, anacheka. Zdravka akamkumbatia, na mikono yake ikakutana upesi mno. Alikuwa ameandika urefu peke yake. Aliyewahi kuvuta picha upande mmoja anajua inavyokuwa.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Iskra alinong'ona.

Alipokimbilia ofisini kurekebisha upana, faili halikuwepo tena. Na mwili wa Iskra ukaendelea kwisha unene, kila siku kidogo, ukawa kama karatasi.

Sherehe iliangukia siku ya arobaini tangu makro iipime ile picha. Iskra alisema atakwenda, liwalo na liwe. Majirani walijaa uani na maua, na alipotokea mlangoni na gauni jekundu, mrefu, mzuri, wakaanza kuhesabu kwa kelele miaka kumi na miwili ya shule, kama anavyohesabiwa kila kijana siku hiyo.

"Moja! Mbili! Tatu!"

Iskra aliwapungia mkono. Kwenye "saba" aligeuka ubavu ili ashuke ngazi, na ngazini hapakuwa na mtu.

Zdravka peke yake, macho kwenye ngazi tupu, aliendelea kuhesabu kwa sauti: "Nane. Tisa. Kumi."