Babu Mkubwa Hakufa Vitani

"Ichome hiyo karatasi, Noela! Ichome sasa hivi, kabla bibi yako hajarudi!"

Babu Alfonsi alikuwa amenikamata mkono. Mzee wa miaka sabini na kitu, anatembelea fimbo... nguvu zile alizitoa wapi, mie sijui!

Nyie, ngoja niwaeleze.

Kwetu Mbagala, jua likishazama tu, Babu alikuwaga anaanza.

"Msifungue mlango! Leodegar amesimama nje!"

Leodegar alikuwa kaka yake. Alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978, akamwacha mkewe, Yustina, bado binti mbichi. Mwaka uliofuata askari mwenzake akaleta habari kwamba ameuawa. Watu wakalia, matanga yakaanuliwa. Baadaye Babu akamrithi shemeji yake.

Huyo Yustina ndiye bibi yangu.

Kwa hiyo sie wote tulijua ule ni mzimu. Marehemu anamdai mke wake! Bibi mwenyewe? Akisikia Babu kaanza, anaongeza sauti ya redio, kwaya zinaimba.

Mwaka jana nikachoka. Nikasema marehemu aombewe misa, na tarehe ya kifo chake ijulikane. Nikaenda kwenye ofisi ya kumbukumbu za wanajeshi wa zamani. Nikazungushwa weee... mwishowe mama mmoja, afande, akaniita.

"Binti, nani kakwambia huyu alikufa vitani?"

"Familia nzima, afande."

"Hakufa. Alibaki Uganda na kikosi chake. Aliachishwa jeshi Julai 1981, mzima. Sahihi yake hii hapa. Baada ya hapo hatuna habari zake."

Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Baba yangu mie kazaliwa Septemba 1981!

Nikapewa nakala ya cheti chake cha kuachishwa jeshi. Ndiyo karatasi niliyomwonyesha Babu, akataka niichome.

"Babu... ulijua yuko hai?"

Akaniachia mkono. Akakaa chini, sakafuni, akalia kama mtoto.

"Alikuja, Noela. Hapahapa, jioni, na begi la jeshi begani. Akapiga hodi. Nikachungulia dirishani, nikamwona kaka yangu... kakonda! Bibi yako yuko chumbani kalala, mimba kubwa. Nikajua nikimfungulia tu, sina mke, sina mtoto."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia palepale dirishani: Yustina amekufa. Akaniuliza, 'Kaburi lake liko wapi, mdogo wangu?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikafunga dirisha."

"Sikuwa nimelala, Alfonsi."

Tukageuka wote. Bibi! Karudi kutoka sala za jumuiya, kitabu cha nyimbo mkononi, kasimama mlango wa uani. Sijui alifika saa ngapi.

"Nilimsikia akiuliza kaburi langu," akasema taratibu. "Nikajiziba mdomo kwa khanga. Ningetoka, mwanangu angeitwa wa nani?"

Babu akamwangalia mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Jamani! Zaidi ya miaka arobaini wanalala kitanda kimoja, kila mmoja akijua siri ni yake peke yake!

Tangu siku ile Babu hakuona tena mtu nje. Hakula vizuri, hakusema vizuri, na kabla ya Kwaresima akatutoka.

Mie na baba tulimtafuta Leodegar kwa ndugu zetu wa kusini, hadi Masasi, hadi Tunduru. Hakuna ndugu aliyewahi kumwona akirudi. Wapi alienda na begi lake, Mungu ndiye ajuaye.

Siku ya kumzika Babu, Bibi hakutoa chozi. Watu wakaanza kunong'ona. Jeneza lilipoanza kushushwa ndipo akapiga yowe, mikono kichwani, akaanguka magotini.

"Leodegar! Mume wangu, nisamehe!"

Hata wenye makoleo walisimama.

Wapendwa, aliyekufa mtamwombea, mtamlilia, mwisho mtamzoea. Lakini mtu uliyemfukuza akiwa hai utamzika wapi? Kama kuna mtu una neno lake moyoni, mpelekee leo, angali anaweza kukujibu.