Ukuta wa Chumba cha Mtoto

Jumamosi saa nne asubuhi duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika hadi mlangoni, na katikati ya foleni alisimama mwanamke aliyevaa gauni la kijani lililopigwa pasi likanyooka, mkononi ameshika mfuko wa plastiki wenye kipande cha plasta kilicholowa. Wanaume waliokuja kununua misumari walimtazama, wakautazama mfuko, wakatazamana. Yeye hakujali. Kipande kile kilikuwa kimeanguka asubuhi ile kutoka ukutani, na alikuja kuuliza ni dawa gani ya kukirudishia.

"Dada, hicho hakirudi," ilisema sauti nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu wa ovaroli ya buluu, penseli nyuma ya sikio, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Na wewe ni nani wa kuisemea plasta yangu?"

"Mimi ni fundi bomba. Plasta haina kosa. Ukuta wako unakunywa maji, na anayeunywesha yuko humo humo ndani. Unakaa wapi?"

Alimwelekeza: lile jengo la ghorofa sita nyuma ya kiwanda cha vioo. Fundi akajikuna kisogo.

"Ghorofa ya nne? Mlango wa kushoto?"

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye fundi wa wakala anayewapangisha jengo hilo. Karatasi ya malalamiko yako iko kwenye gari langu, wiki ya tatu hii."

Kwa haki alipaswa kumpiga kwa ule mfuko. Badala yake alicheka, akacheka mpaka mwenye duka akauliza kama kuna anayehudumiwa. Mwanamke akicheka pale alipopaswa kugombana, jua kuna jambo.

Alikuwa mpimaji damu katika hospitali kubwa ya mji, mwaka wa tatu ugenini, na lugha ya pale aliisema vizuri isipokuwa lafudhi. Lafudhi hiyo ndiyo iliyomfungia milango. Kila alipopiga simu kuulizia nyumba nyingine, mwenye nyumba alisikiliza maneno matatu tu, na papo hapo nyumba ikawa imechukuliwa tangu jana. Ndiyo maana alibaki ghorofa ya nne, na dari la bafuni linalodondosha, na koki zinazokohoa, na lifti yenye tangazo la matengenezo ambalo wino wake ulikuwa umeshafifia.

Yote hayo angeyavumilia. Lakini binti yake wa miaka saba alikuwa nyumbani kwao, kwa bibi yake, na baada ya kusumbuliwa na maofisi kwa muda mrefu, kibali cha kumleta kilibakiza hatua moja tu. Mkaguzi wa makazi angekuja kuangalia chumba cha mtoto: dirisha lifunguke, mlango ufungike, ukuta uwe mkavu. Tarehe ilikuwa imeshapangwa. Mkaguzi akikataa, maombi yanarudi kabatini hadi mwaka unaofuata.

Jumatatu jioni Fundi alipanda ngazi na begi lake la spana. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea kidogo, akagonga tena. Kisha akatoboa. Ndani lilionekana bomba lililoliwa na kutu, likitiririsha maji taratibu, bila haraka yoyote.

"Hili ndilo bomba kuu," alisema. "Linatoka juu hadi chini. Nikiziba hapa litatoboka kule. Dawa yake ni kulibadilisha, na wakala ndiye anayetoa bomba jipya stoo."

"Itachukua muda gani?"

"Akikubali, siku mbili."

"Na asipokubali?"

Fundi aliitazama spana yake. "Tuseme atakubali."

Kabla ya kuondoka alitoa fomu mbili. "Saini hapa, na hapa."

"Mbona hazijaandikwa kitu?"

"Moja ya kuanza, moja ya kumaliza. Nikimaliza kazi wapangaji huwa mko makazini, nikianza kuwatafuta mmoja mmoja sitapata usingizi. Kwa hiyo tunazichukua zote siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nimeshasaini, unaona? Kila nyumba ni hivyo."

Hospitalini kwake mtu hasaini kupokea majibu kabla ya kuyapokea, na yeye angekuwa wa kwanza kumrudisha mgonjwa wa namna hiyo. Lakini alikuwa amechoka kubishana na watu wa nyumba ile, na Fundi, tuseme ukweli, alikuwa na macho mazuri. Akasaini zote mbili.

Kuanzia siku hiyo Fundi alikuja kila jioni kumwaga ndoo aliyoitega chini ya bomba, kana kwamba ndoo ni kitu kinachohitaji ujuzi. Alianza kuvaa shati safi ndani ya ovaroli na kujipulizia manukato yaliyomtangulia ngazini. Mwanamke naye, aliyezoea kushinda na koti la kazi, akawa anabadilisha gauni kila anaporudi. Mchana simu zilikuwa hazikatiki.

"Daktari, mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Mimi si daktari, napima damu tu. Na mgonjwa wako analia."

"Sana?"

"Ndoo nusu tangu asubuhi."

"Basi nakuja kumbembeleza."

"Kumbembeleza nani, ukuta?"

"Nianze na ukuta, mengine yatafuata."

"Fundi, una maneno!"

"Bomba sina, Daktari. Uniachie hata maneno."

Jioni moja walikuwa wamekaa kwenye sakafu ya kile chumba, chai imepoa. Alimwambia zimebaki siku tisa.

"Najua," Fundi alisema. "Nimemwomba wakala mara nne. Leo ameniambia nikimwomba tena nitafute kazi kwingine."

"Naogopa."

"Na mimi naogopa, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na hakuna aliyecheka. Fundi alimshika mkono, vumbi la plasta likabaki kwenye kifundo chake, naye hakulifuta.

Siku nne kabla ya ukaguzi mwanamke alirudi kutoka zamu akapokewa na harufu ya rangi. Mtu wa wakala alikuwa ameingia kwa funguo za akiba, akaziba tundu, akapaka ukuta wote rangi nyeupe. Ulipendeza kwa kweli. Aliubonyeza kwa kidole, na kidole kikarudi kimelowa.

Wakala alimpokea ofisini kwake na suti ya kijivu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Kazi imeshafanyika, mama. Wewe mwenyewe umeridhika."

"Nimeridhika mimi?"

Wakala akageuza fomu juu ya meza. Ilikuwa imejazwa kwa hati nzuri: bomba limebadilishwa, chumba kikavu, mpangaji hana malalamiko. Chini kulikuwa na saini ya Fundi, na pembeni yake saini yake yeye.

"Huu si mwandiko wako?" wakala aliuliza kwa upole.

Ulikuwa wake. Alitoka nje, akasimama kando ya barabara na kumpigia Fundi simu.

"Umewapa saini yangu!"

"Daktari, sikujua kama ataijaza. Nisikilize, sisi huwa tunafanya..."

"Nyinyi huwa mnafanya! Mimi sina 'huwa' hapa, Fundi. Mimi nina mtoto."

"Nakuja sasa hivi."

"Ukija sifungui."

Alikuja, na hakufunguliwa. Alikaa kwenye ngazi akiongea na mlango mpaka jirani wa ghorofa ya tano alipomwomba asogeze miguu apite na mizigo yake. Siku zilizofuata alipiga simu, simu ikaita hadi ikanyamaza yenyewe.

Mwanamke alizungumza na mama yake tu, aliyepiga kutoka kwao.

"Hiyo rangi inaonekana vizuri?" mama aliuliza.

"Inaonekana. Kwa siku chache itaonekana."

"Na mkaguzi anakuja lini?"

"Alhamisi."

"Basi, mwanangu, funga mdomo wako. Mtoto akishafika utalala naye hata jikoni."

Alikuwa ameshawaza hivyo hivyo, ila alipolisikia wazo hilo kwa sauti aliona aibu. Bado alilichukua. Mtoto angelala naye sebuleni, na kile chumba kingekuwa cha kuonyesha watu. Kwa mara ya kwanza ile fomu ya uongo ikawa upande wake. Kilichobaki ni kumwambia Fundi naye anyamaze, lakini angemwambiaje wakati alikuwa hapokei simu zake? Mimi ningempokelea kama ningeweza.

Alhamisi mkaguzi alifika kwa wakati. Alikuwa mama wa makamo, viatu vya chini, kifaa kidogo cha kupima unyevu, chenye meno mawili, kikining'inia shingoni. Alifungua dirisha, akafunga mlango, akausifu weupe wa ukuta. Aliisoma fomu ya fundi, aliyoletewa na wakala, mara mbili na kwa kuwa ilikuwa na saini zote, hakuona haja ya kupima.

"Kila kitu kiko sawa," alisema. "Binti ana miaka saba?"

"Saba na nusu."

"Atapapenda," mkaguzi alisema, na kalamu yake ikagusa karatasi.

Mlango wa mbele, uliokuwa umerudishwa tu bila kufungwa, ukafunguliwa. Fundi alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, anahema kwa zile ghorofa nne alizozipanda mbio.

"Mama mkaguzi, samahani. Hiyo fomu ni ya uongo. Niliisaini tupu, na dada huyu nilimsainisha tupu. Bomba halijaguswa."

Mwanamke alitikisa kichwa. Alitikisa kwa nguvu, macho yanamsihi. Fundi aliona, akadhani bado amekasirika, kwa hiyo akaongeza sauti.

"Ana haki ya nyumba kavu huyu! Pima ukuta, utaona mwenyewe!"

Mkaguzi akakibandika kile kifaa juu ya rangi nyeupe. Kikalia. Akakihamisha, kikalia tena. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akakunja karatasi zake.

"Pole sana, dada. Mtoto hawezi kulala hapa. Wakala wenu nitamwandikia barua, lakini ombi lako itabidi lisubiri mwakani."

Viatu vyake viliposhuka ngazi vikapotea, Fundi alitabasamu huku anajifuta jasho. "Umesikia? Sasa watamlazimisha."

"Alikuwa anapitisha."

"Nini?"

"Kalamu ilikuwa kwenye karatasi. Alikuwa anapitisha, Fundi. Ungechelewa dakika moja tu."

Tabasamu lilimtoka polepole. "Nilidhani unataka ukweli ujulikane."

"Nilitaka mwanangu."

Fundi aliondoka bila kufunga mlango.

Jumapili mchana akarudi. Hakuwa na ovaroli wala begi; wakala alikuwa amemnyang'anya funguo za gari la kazi tangu Ijumaa. Mara hii alifunguliwa, na msishangae. Kwa siku tatu yule mwanamke alikuwa akizunguka na huzuni yake hospitalini na madukani, na katika mji mzima mtu pekee aliyejua alichopoteza ni huyo aliyempotezea.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Hapana. Nimeuomba mlango huu mpaka nimechoka. Nimeshindwa tu kukaa nyumbani."

Alimvutia kiti. Walikaa, kila mmoja anatazama mikono yake. Ukutani rangi ilikuwa imeanza kuvimba. Kisha simu ikaita juu ya meza, nao wote wakaitazama.

"Ni yeye," mwanamke alisema. "Hupiga kila Jumapili. Bibi yake anajua, yeye hatujamwambia."

Iliita ikakatika, ikaanza upya.

"Mwambie wewe."

"Mimi?"

"Si unasema ukweli wewe? Useme."

Fundi aliishika simu kwa mikono miwili.

"Halo. Hapana, si mama. Mama yupo hapa karibu. Mimi ni fundi wa nyumba."

"Mjomba, umeshamaliza?" Sauti ilikuwa ndogo lakini ilisikika chumba kizima.

"Sijamaliza. Nimeshindwa. Ukuta wa chumba chako una maji. Wakubwa wamesema usije mpaka upate ukuta mkavu. Wamesema mwakani."

"Kwani mtu hawezi kulala kwenye ukuta wenye maji?"

"Ataugua kifua."

"Na mama analala wapi?"

Fundi alimwangalia mwanamke, aliyekuwa ameuziba mdomo kwa mtandio. "Analala hapa hapa."

"Ataugua kifua."

"Ndiyo," Fundi alisema. "Anaweza kuugua."

"Basi mtoe," mtoto alisema, akampa bibi yake simu haraka, kwa sababu alikuwa ameanza kulia na hakutaka fundi amsikie.

Fundi aliiweka simu mezani taratibu. "Umesikia?"

"Nimesikia. Unitoe unipeleke wapi? Kazi huna, gari huna, kwenu mnalala watano chumba kimoja."

"Sijui. Sijui kabisa, mpenzi. Ninachojua ni kugonga ukuta na kusikia kama una maji. Kesho saa nne naanza kugonga kuta za watu mji huu mzima, natafuta chumba kikavu, uwe na mimi usiwe na mimi."

Hapo ndipo mwanamke alipolia, kichwa kwenye bega la Fundi, bila kuwa amemsamehe sawasawa. Aliulilia mwaka mzima ambao hakuna kati yao aliyeweza kuufupisha hata kwa siku moja. Fundi hakumwambia anyamaze. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati lake, akavuta pumzi.

"Saa nne ni kuchelewa. Njoo saa moja," alisema. "Kesho sina zamu, tutakwenda wote. Ukuta wa mwanangu nataka niuguse mwenyewe."