Mlango Uliogeuzwa

Jioni ile nilikwenda kwa binti yangu kupeleka nepi. Zilikuwa mashuka ya marehemu mke wangu, yaliyochakaa katikati lakini mazima pembeni, nami nilikuwa nimeyakata na kuyapinda kwa mkono wangu mwenyewe. Binti yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimewadia.

Nilikuwa na jambo la pili pia, ambalo halikuwamo ndani ya kifurushi.

Asubuhi mkwe wangu alikuja kwangu. Alikataa kiti. "Baba," alisema akitazama viatu vyake, "naomba uongee na mwanao. Jua likizama tu, anajifungia chumbani kwa komeo. Nagonga, hafungui. Nikimwuliza, ananiapia kwamba hakufunga yeye."

Nilimwambia nitakuja. Sikumwambia nilichokuwa nawaza. Mwanamume anayetaka kumrudisha mke kwao huanza kwa kumtafutia kasoro, na kasoro ya kwanza huiweka mbele ya baba mkwe kwa sauti ya upole. Sauti hizo nimezisikia sana maishani.

Waliishi katika kinu cha zamani cha kusaga unga. Mashine zilikwisha kuuzwa kama vyuma chakavu, likabaki jengo tupu lenye kuta nene na sakafu ya saruji. Hakuna aliyelitaka isipokuwa mkwe wangu. Mtaani walimwita Okota, kwa sababu hapiti penye jalala akatoka mikono mitupu. Mapipa aliyageuza meza, matairi akayageuza viti, chupa tupu akazijengea ukutani zipitishe mwanga. Dirisha la chumba cha kulala alilitia vyuma vya fremu za baiskeli, akaviunga mwenyewe. "Hapo hata paka hapiti, baba," aliniambia. Binti yangu akacheka. "Huyu, siku nikizeeka atanigeuza kabati."

Mlango wa chumba hicho ulikuwa wa mbao ngumu, uliotoka katika nyumba kubwa iliyobomolewa upande wa pili wa mji. Kwa ndani ulikuwa na komeo. Wengi wangeliita kitasa, lakini si kitasa. Kitasa kina ufunguo. Komeo ni chuma kinachosukumwa kwa mkono.

Kwa mkono wa mtu.

Nilimkuta binti yangu koridoni, amekaa juu ya tairi, kanyoosha miguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Miguu imevimba."

"Miguu tu? Mimi mzima nimevimba."

Nikangoja mumewe atoke kwenda kuteka maji, kisha nikashusha sauti. "Mumeo anasema unajifungia."

"Nawe umemwamini?"

"Nimekuja kukuuliza."

Akautazama mlango kwanza, ndipo akanitazama mimi. "Nalala mlango ukiwa wazi, baba. Nikiamka umefungwa. Na kuna harufu... sabuni ya dawa, ile nyekundu ya hospitali. Kama mtu aliyetoka kunawa mikono."

"Mumeo ananawia sabuni gani?"

"Baba! Hata wewe?" Akajiinua kwa shida, mkono mmoja ukutani, akachukua kifurushi na kuingia chumbani kupanga nepi. Mlango aliuacha wazi. Kutoka nilipokaa niliona nusu ya kitanda.

Mwanga katika zile chupa ulianza kugeuka mwekundu.

Mkwe wangu akarudi na ndoo mbili. Nakumbuka vizuri mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ndoo, kwa sababu nilikuwa nikimvizia.

Mlango ukajifunga. Polepole, bila kishindo.

Kisha... kraaa... ta.

Komeo.

Tulitazamana, mimi na mkwe wangu. Mpaka dakika ile kila mmoja wetu alikuwa na mtu wa kumshuku, na hilo lilikuwa faraja.

"Mke wangu, fungua," alisema. "Baba yupo hapa."

Ikaja sauti ya binti yangu, ya chini, kutoka mbali na mlango. "Niko kitandani. Sijagusa kitu." Akavuta pumzi. "Uchungu umeanza."

Mkwe wangu akaupiga mlango kwa bega. Haukutikisika. Akazunguka nje mpaka dirishani, nikamsikia akihangaika na vile vyuma vya baiskeli, akivitukana kama watu. Kazi yake mwenyewe ilimshinda. Akapita mbio mbele yangu. "Naenda kumwita seremala!"

Nikabaki peke yangu.

Harufu ya sabuni ya dawa ilipita chini ya mlango.

Kisha nikasikia.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Ilikuwa chini, karibu na kizingiti. Nilidhani binti yangu ametambaa mpaka pale. "Mwanangu, acha kukwaruza, utaumia. Mumeo anakuja."

"Sikwaruzi, baba." Sauti yake bado ilitoka kitandani. "Ni nani huyo anayelia hapo kwenu?"

Hapakuwa na mtu aliyelia.

Nikatazama chini. Rangi ya mlango ilikuwa ikibanduka katika mistari minne, myembamba, iliyo sambamba. Magamba yake yalianguka juu ya kiatu changu.

Ilikuwa upande wangu.

Mkwe wangu alirudi na seremala, mtu mnene mwenye maneno mengi siku zote, na mtaimbo begani. Alipoiona ile mistari, akachuchumaa na kuipima kwa vidole.

"Mzee," alinong'ona, "upande huu ulikuwa wa ndani."

"Sema vizuri."

"Mlango ulikotoka, komeo lilikuwa nje. Okota akasema chumba cha kulala hufungwa kwa ndani. Nikaugeuza." Akaigusa rangi iliyobanduka. "Upande huu ulikuwa na alama za kucha. Hapo hapo chini. Nikazipiga randa, nikapaka rangi."

"Alifungiwa nani?"

"Wabomoaji walisema ni binti wa nyumba ile. Alipata mimba, mume hana. Mama yake alikuwa mkunga. Akamficha humo ajifungue, majirani wasijue. Mtoto hakuna aliyemwona. Na binti mwenyewe..." Akatikisa kichwa.

"Nawe ukanyamaza?" mkwe wangu alimkaripia.

"Mlango ni mbao, bwana! Ningekwambia nini?"

Ndani, binti yangu akapiga ukelele. Ukakatika katikati, kama uliozibwa kwa kiganja.

"Baba..." Sasa alinong'ona. "Kuna mkono tumboni kwangu. Anasema nisipige kelele. Anasema majirani watasikia."

Seremala akaingiza ncha ya mtaimbo katika upenyo wa fremu, wakavuta wote wawili. Saruji ilidondoka, mlango haukusogea. Kila walivyovuta, ule mkwaruzo ulizidi kasi, kwaru kwaru kwaru, katikati ya miguu yao, wa mtu aliyeshikwa na hofu. Seremala akauachia mtaimbo. Alikataa kuuokota.

Hapo nilielewa tulikosimama. Kwa mlango ule, korido yetu ndiyo iliyokuwa chumba, na aliyefungiwa alikuwa nasi, hapa miguuni. Mwenye komeo alikuwa upande wa pili, pamoja na mwanangu.

Nikapiga magoti. Magoti yangu hayanitii siku hizi, lakini yalinitii. Jina la yule binti sikulijua, na nafasi ya kuuliza haikuwapo. Nikatumia neno lililokuwa karibu na mdomo.

"Mwanangu," nilinong'ona kwenye ile mistari. "Mlango umegeuzwa. Huku uliko ni nje. Hakuna anayekuzuia tena. Lakini humo ndani kuna mwenzio, naye mjamzito kama wewe. Nisaidie atoke."

Mkwaruzo ukakoma.

Kitu kikaniegemea begani. Kilikuwa mkono, mkono wa mtu anayejiinua kutoka sakafuni, na alikuwa mzito. Nilisikia pumzi yake ikipanda juu ya kichwa changu, akisimama kwa taabu, hatua kwa hatua, mpaka bega langu likawa jepesi.

Mlango ukagongwa. Mara moja tu.

Mkwe wangu alikuwa ameegemea ukuta wa pili. Seremala alikuwa amefunika uso.

Na kutoka ndani, sauti ya mwanamke mtu mzima, ambayo haikuwa ya binti yangu, ikauliza kwa upole, "Nani?"

Sikusikia jibu. Lakini jibu lilikuwapo.

Kraaa...

Komeo lilirudi nyuma.

Tulimkuta binti yangu peke yake kitandani, jasho tupu, mashavu yake yananuka sabuni. Tulimbeba mpaka zahanati katika mkokoteni wa mkwe wangu, na akajifungua salama mtoto wa kike. Mlango, mkwe wangu aliuchoma moto. Ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kumwona akikiharibu.

Binti yangu na mtoto wamekuja kukaa kwangu mpaka apate nguvu. Juzi asubuhi aliniambia, "Ahsante, baba, kwa kumfunika mtoto usiku."

"Haya," nilisema.

Sikuwa nimemfunika. Wala jana, aliponishukuru tena.

Nimewaza sana juu ya maneno niliyoyasema pale sakafuni. Nilimwambia hakuna anayemzuia, lakini sikumwambia aende wapi. Na nilimwita mwanangu. Mtoto wa mtu akifunguliwa, huenda wapi kama si kwao?

Leo jua lilipozama, binti yangu alikuwa akinyonyesha, nami nimekaa kando yake.

"Baba, nifunge mlango? Upepo unamwingia mtoto."

"Acha wazi."

"Kwani kuna mtu unamngoja?"

Nyayo zilikuwa zikija zikiambaa ukuta, polepole, za mtu mzito. Binti yangu alikuwa bado ananitazama, anangoja jibu.

Huko nje nyayo nazo zikasimama, zikisikiliza nitasema nini.